Marashi ya Ijumaa

Bathsheba Nyarangi alidanganya mara tatu katika ugonjwa wake, na mara zote tatu uongo ulikuwa kuhusu kuoga.

Tumwelewe kwanza, maana hakuwa mtu wa uongo. Pale soko la Migori, alipouza ndizi na maparachichi kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa akikuonyesha mwenyewe doa la parachichi kabla hujaliona, kisha anakununia ukimwomba apunguze bei kwa sababu ya doa lilelile. Msabato wa kuzaliwa, Mkisii wa Nyamira, aliletwa Migori na ndoa. Mume akafa, yeye akabaki. Mwanawe wa pekee, Elkanah, yuko Doha analinda lango la jengo fulani, na humpigia simu kila Jumapili kwa dakika kumi. Mtu wa namna hiyo akikudanganya, ujue kuna jambo analoliogopa kuliko dhambi.

Uongo wa kwanza alimwambia nesi, wa pili akamwambia daktari. Wa tatu alimwambia Walter, mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya Homa Bay, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye kalamu tatu mfukoni na tabia ya kubisha mlango hata ukiwa wazi. Watu wa maabara kwa kawaida hawaji wodini. Huyu alikuja, akasimama mbali kidogo na kitanda, barakoa imemfika machoni.

"Mama, tumempata," alisema. "Mdudu wa homa ya kwanza na huyu wa sasa ni mmoja."

Akamwandikia jina kwenye kipande cha karatasi. Bathsheba akalisoma polepole: Elizabethkingia.

"Elizabeti?"

"Ee. Walimpa jina la mama aliyemtambua mara ya kwanza, zamani."

"Kwani huyo mama aliwakosea nini?"

Walter alicheka mpaka barakoa ikashuka, akaipandisha haraka. Kisha akavuta kiti na kumweleza, na hapo kicheko kikaisha.

Bathsheba alikuwa na saratani ya damu. Dawa zake zilikuwa kali kiasi cha kuunguza mishipa ya mikono yote miwili, kwa hiyo madaktari walimpitishia mrija kifuani. Ncha moja iliingia katika mshipa mkubwa karibu na moyo, nyingine ikaning'inia nje, imefunikwa kwa plasta. Dawa iliingia kwa mlango huo. Lakini mlango hauchagui mgeni, na mara mbili sasa alikuwa ameingia mwingine: baridi ya ghafla, meno yanagongana, kitanda kinatikisika, joto linapanda hadi anamwona marehemu mumewe amekaa dirishani akimenya chungwa.

"Huyu ni mdudu wa maji," Walter alisema. "Anakaa kwa sinki, kwa tangi, kwa udongo. Mimi nikioga naye leo, kesho niko kazini. Lakini wewe dawa imeangusha kinga yako, mama. Na dawa zetu nyingi anazicheka tu. Mrija wa kwanza tulitoa, wa pili umetoka jana. Daktari anasema mishipa imebaki na nafasi ya mmoja. Mmoja tu. Huo ukiharibika, hatuna pengine pa kupitishia dawa. Ndiyo nataka kujua maji yanakugusa wapi. Nani anakuogesha?"

"Naoga mwenyewe," Bathsheba alisema.

Walter akaandika: anaoga mwenyewe. Aliandika kwa heshima, kama mtu anayeamini kila anachoambiwa, na hiyo ndiyo iliyomuuma Bathsheba.

Ukweli ulikuwa huu. Bathsheba aliishi katika ploti ya vyumba vinane, nyuma ya barabara ya kwenda Isebania, mlango wa nne. Mlango wa saba aliishi Mwanamvita, mwanamke wa Malindi aliyekuja huku na mume muuza vitambaa. Mume akavuka mpaka kwenda Sirari kwa mke mwingine, naye akabaki na duka lake la leso, madera na udi. Miaka sita wanawake hawa wawili walisalimiana tu pale mferejini. Kisha Bathsheba akaugua, na daktari akamkataza soko, kanisa, mikutano na kushikana mikono.

Watu walitii. Hilo ndilo jambo linaloudhi katika habari hii, kwamba hakuna wa kulaumiwa. Akina mama wa kanisa waliacha kuja kwa sababu walimpenda. Wakafungua kundi la simu na kumtumia maombi asubuhi na jioni, na picha za maua. Wateja walimtumia salamu. Ikapita miezi mitatu, Bathsheba akagundua kwamba hajaguswa na mkono wa mtu usio na glavu tangu mvua za masika. Usiku alikuwa akijishika kiganja kimoja kwa kingine, kisha anajionea aibu na kuviachanisha.

Mwanamvita alikuja Ijumaa moja saa kumi, akitoka kuswali, akamkuta amekaa juu ya ndoo, hawezi kuinua mkono wa upande wa mrija, sabuni imemkaukia mgongoni. Hakuuliza. Alikunja mikono ya buibui, akanawa, akamwogesha.

Tangu siku hiyo ikawa kila Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato ya Bathsheba kuingia. Na walikuwa waangalifu, usidhani walikuwa wajinga. Maji yalichemshwa mpaka yakatokota, yakapozwa yakiwa yamefunikwa. Kifua kilifunikwa kwa karatasi ya nailoni ya mkate iliyooshwa, ikabandikwa plasta pande zote nne. Mwanamvita alisugua mgongo kwa kitambaa laini huku akimsengenya mumewe wa zamani, na Bathsheba, ambaye dini yake haipendi masengenyo, alimwomba arudie pale penye utamu. Wakimaliza, alimkausha, akatoa ile karatasi. Kisha, kwa kuwa kuoga kumekwisha, alichukua mrashi wake wa shaba wenye shingo ndefu, wa marehemu mamake, akamnyunyizia marashi ya mawaridi. Shingoni. Mabegani. Na matone mawili matatu juu ya plasta yenyewe, maana ilinuka hospitali.

"Mgonjwa asinukie ugonjwa," alikuwa akisema. "Ugonjwa utajiona umefika kwao."

Bathsheba aliingia Sabato akinukia bibi harusi. Alilala peke yake, akaamka peke yake, akasikiliza mahubiri redioni peke yake, lakini shingoni palikuwa na harufu iliyosema kuna mtu alikuwa hapa. Alijua wakimuuliza na akisema, watamkataza. Ndiyo maana kila alipoulizwa alikuwa akioga mwenyewe.

Siku nne baadaye Walter alibisha tena mlango uliokuwa wazi. Alikuwa amewaomba maafisa wa afya wa Migori wapime nyumba ya Bathsheba. Waliokota kila kitu: maji ya tangi, ndoo, birika, kitambaa, hata sufuria.

"Tangi liko na wadudu wake wa kawaida, lakini huyu wetu hayuko. Ndani ya nyumba yako hatukumpata popote." Akafikicha macho. "Sasa kuna hili lingine. Homa zote mbili zimekuja Jumatatu, saa moja baada ya nesi Joyline kusukuma maji ya kusafishia kwa mrija wako pale kliniki. Wamemwambia akae nyumbani kwanza, mpaka tujue. Mimi sisemi ni yeye. Lakini ile kusukuma ndiyo inatoa mdudu kwa mrija na kumwingiza kwa damu. Anaingia lini, hiyo ndiyo sijui." Akaondoka, lakini mlangoni akageuka. "Mama, wazee husema mficha uchi hazai. Sikusemi wewe. Nasema tu."

Bathsheba alilala akitazama dari. Ndani ya nyumba yako hatukumpata. Alivihesabu vyote vilivyomgusa, kimoja kimoja, na hesabu ikamfikisha pale ambapo alikuwa akiizuia isifike. Kuna kitu kimoja kilichomgusa ambacho hakikukaa nyumbani kwake. Kilikuja Ijumaa na kuondoka Ijumaa. Akilini alimwona Mwanamvita akikitikisa karibu na sikio kusikia kama kimepungua, kisha akikiongezea maji kidogo ya tangini, kama mamake alivyokuwa akifanya, ili marashi yafike mwisho wa mwezi. Shingo yake nyembamba haiingii hata kidole, na ndani hakijawahi kuoshwa tangu enzi za huyo mama. Walichemsha kila tone la maji. Marashi hawakuyachemsha, kwa kuwa marashi ni marashi. Nani huyaita maji?

Bado hakusema. Nisimfanye bora kuliko alivyokuwa: siku nzima na nusu alinyamaza. Alijiambia mtu hawezi kufa kwa mawaridi. Alijiambia akisema, na ikawa si kweli, atakuwa amemwaibisha bure mtu pekee aliyemkunjia mikono ya nguo. Na ikiwa ni kweli, basi ndiyo mbaya zaidi.

Joyline ndiye aliyempigia. Nesi huyo alikuwa msichana mchapakazi, wa kuhesabu sekunde akinawa.

"Mama, samahani kukusumbua na uko wodi," sauti ilikuwa imekauka. "Nataka uniambie ukweli, sitakasirika. Kuna siku uliona nimesahau kunawa? Nimejaribu kukumbuka Jumatatu zote. Naona nilinawa. Lakini sasa hata mimi sijiamini. Pengine nilisahau."

"Hukusahau," Bathsheba alisema.

"Uko sure, mama?"

"Hukusahau hata siku moja, mwanangu. Lala."

Akakata simu, akalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Kisha, kabla ujasiri haujapoa, akampigia Mwanamvita. Alimweleza mambo yote: mdudu, maji, Joyline, mrashi. Aliyasema vibaya, kwa haraka, kama anayesoma mashtaka, kwa kuwa angeyasema taratibu yasingetoka.

Upande wa pili ulisikika mlio wa feni ya duka.

"Mie ndo n'liyekuingiza hospitali," Mwanamvita alisema mwishowe.

"Sijasema hivyo."

"Umesema, dada. Na ikiwa ni kweli, huna budi kusema." Sauti haikuwa na chuki, na heri ingekuwa nayo. "Huo mrashi wataka uletwe wapi?"

Kesho yake Walter alikuja akiwa na macho ya mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. Mama mmoja wa buibui, alisema, alifika dirisha la maabara saa tatu asubuhi na chupa ya shaba imefungwa kwa leso mbili na karatasi juu. Ametoka Migori alfajiri. Alieleza kila kitu mwenyewe, hata maji ya kuongezea, hata matone juu ya plasta.

"Yuko wapi?" Bathsheba alikuwa ameshainuka kitandani.

Walter alitazama viatu vyake. "Nilimwonyesha wodi. Alikaa kwa ile benchi ya nje mpaka saa sita. Kisha akaniuliza kama kile kiko kwa chupa kinaweza kuwa kwa mikono pia. Nikamwambia kinaweza, ndiyo tunanawa. Nilipotoka tena hakuwepo. Nafikiri nilimjibu vibaya, mama."

Alikuwa amemjibu sawasawa, na hapo ndipo penye ubaya. Bathsheba alikwenda dirishani. Benchi ilikuwa tupu, na nyuma yake paa za mji zikishuka hadi ziwani. Mtu alitoka Migori mpaka pale, akakaa kwa muda wa saa tatu, hatua hamsini kutoka kitandani kwake, akaondoka. Katika miezi yote ya ugonjwa hakuwahi kujihisi mpweke kama dakika ile, na hakuwa na wa kumwambia.

Mdudu alipatikana ndani ya mrashi. Walter alimwonyesha picha kwenye simu, vitone vya manjano hafifu kwenye sahani ya kioo, visivyotisha hata mtoto. Joyline alirudishwa kazini. Damu ya Bathsheba ilipotakata, mrija wa tatu ukawekwa, dawa zikaendelea, na baada ya wiki tatu chembe nyeupe za damu zikaanza kupanda, polepole, kama mzee anayepanda ngazi. Daktari alisema anaweza kwenda nyumbani. Kila mtu alifurahi, na Bathsheba akafurahi pamoja nao, kwa adabu.

Kabla ya kuondoka aliomba aitiwe Walter.

"Niandikie ni wapi naruhusiwa kuguswa," alisema.

"Kuguswa na maji?"

"Na mtu."

Walter akavuta kiti. Kisha akatoa kalamu moja kati ya zile tatu, akaandika taratibu, akaipiga karatasi muhuri wa maabara, ingawa hakuna sheria inayotaka muhuri katika jambo hilo.

Nyumbani Migori palinuka vumbi. Jioni ya kwanza alisikia kandambili za Mwanamvita zikija uani. Alizijua: ya kushoto huburuta kidogo. Zilifika mlango wa tatu, zikaongeza mwendo, zikaupita wa nne kama anayepita mbele ya mbwa, zikapungua tena wa tano. Ikawa hivyo kila jioni. Alipompigia, simu iliita mpaka ikachoka. Alipotuma ujumbe kwamba hamlaumu, jibu lilikuja neno moja: Shukrani.

Ijumaa saa kumi mlango uligongwa mara mbili. Alipofungua, hapakuwa na mtu, ila chupa ya chai kizingitini imejaa maji yaliyochemka, na juu yake kipande cha sabuni kipya katika karatasi yake. Ijumaa ya pili hivyohivyo. Bathsheba alijiosha alipofika, akaacha mgongo. Maji yalikuwa safi kabisa. Aliketi juu ya ndoo akayachukia.

Ijumaa ya tatu alijiandaa. Saa tisa na nusu aliweka kigoda nje ya mlango, beseni mbele yake, akavua viatu, akangoja. Mwanamvita aliingia uani na chupa mkononi, akamwona, akasimama karibu na kamba za nguo.

"Nitaiweka hapa, dada. Utaichukua."

"Siwezi kuinama."

Ulikuwa uongo wa nne, lakini huo tusiuhesabu.

Mwanamvita akasogea hatua tatu. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa imepauka na kupasuka vifundoni, na Bathsheba alipoiona akajua imekuwa ikioshwa namna gani wiki zote hizo.

"Kanisani kwetu," alisema, "kabla ya Meza ya Bwana tunatawadhana miguu. Wawili wawili. Ukiwa na neno na mtu, huyo ndiye unayemtafuta. Mwaka huu wote mimi sikutawadhwa."

"Mie si wa kanisa lenu."

"Najua. Nina neno na wewe."

"Mie n'takuua, Mama Elkanah!" Mwanamvita alisema kwa nguvu, hata mlango wa pili ukafunguka kidogo na kufungwa. "Hukusikia walichokuta mle? Mrashi wa mamangu! Kila Ijumaa nikikuombea shifaa na huku nakumwagia maradhi. Mikono hii siiamini tena. Hata unga siushiki bila kuwaza."

Bathsheba akaingiza mkono kifuani mwa nguo. Akatoa ile karatasi ya Walter, akainyoosha mbele. Mwanamvita alisita, kisha akaichukua kwa ncha za vidole, akaisoma kwa sauti kama watu wanavyosoma barua ya serikali.

"Kifua, hapana. Shingo na mabega, hapana. Marashi na mafuta yoyote, hapana mpaka tuseme. Mikono, ndiyo, ikiwa imenawa kwa sabuni. Miguu, ndiyo, ikiwa haina kidonda, kwa maji yaliyochemka." Akaisogeza karibu na macho. "Pana mstari mwingine hapa chini."

"Soma."

"Mwambie yule mama nilimjibu nusu. Mikono ikinawa, mdudu huondoka."

Aliurudia ule wa mwisho kimyakimya, midomo ikicheza. Kisha akaweka chupa chini, akakunja mikono ya buibui mpaka viwikoni, akaanza kunawa. Alinawa mara moja, akasuuza. Alinawa mara ya pili, kati ya vidole, chini ya kucha. Alipochukua sabuni mara ya tatu Bathsheba akamwambia, "We! Utabakisha mifupa," na hapo Mwanamvita akacheka, cheko fupi lililogeuka kilio katikati.

Akapiga magoti. Hata hivyo mikono ilisimama hewani juu ya beseni, haishuki. Bathsheba akainama, yule asiyeweza kuinama, akaishika yote miwili, akaiweka juu ya miguu yake. Ilikuwa imekwaruzika kama gunzi, na ilikuwa ya moto, na haikuwa na glavu.

Mwanamvita akaanza na mguu wa kulia. Hata yule mume wa Sirari hakusengenywa. Jua lilikuwa limeshafika juu ya paa la mlango wa nane, na Bathsheba, ambaye tangu utotoni aliipokea kila Sabato kwa wimbo, alilitazama likishuka akamwomba Mungu jambo ambalo hakuwahi kuliomba maishani mwake. Aliomba Sabato ichelewe kidogo.